Makonyo kwenye Ungo wa Kaka

Nina madaftari mawili. La kwanza ni la skuli, mwalimu hulisahihisha kwa kalamu nyekundu. La pili ni hili, halisahihishwi na mtu. Kwa hiyo humu nitasema kama ilivyokuwa, hata pale ninapoonekana mbaya, kwa sababu mbaya nilikuwa.

Mimi si msemaji. Mgeni akipiga hodi kwetu nakimbilia jikoni, bibi ndiye anayeitikia karibu. Darasani, na sasa niko kidato cha tatu, mwalimu akiuliza suali ninalolijua, jibu hunijaa mdomoni nikalimeza. Lakini kwenye karatasi siogopi. Mitihani ya Kiingereza mimi huwa wa kwanza au wa pili, na nikiwa wa pili, siku hiyo wali haushuki.

Kaka yangu alikuwa kinyume changu. Aliishia kidato cha pili, mtihani ulimkataa. Akachukua baskeli ya marehemu baba, akafunga tenga nyuma, akawa anapakia samaki Tumbe asubuhi na kuwatembeza vijijini mpaka huku kwetu, karibu na Wete. Kuandika barua ya Kiingereza hawezi. Kuzungumza, mashaallah. Kule Tumbe wageni huja kutazama samaki wakinadiwa. Wanapiga picha pweza, wanauliza huyu anaitwaje, yule analiwaje. Wachuuzi wengine huonesha meno tu. Kaka alikuwa akiwajibu. Akikosa neno alionesha kwa mikono, na siku ya pili neno lile alikuwa nalo. Alilipata kwa wazamiaji, alilipata kwa watu wa mashua za matembezi, alilipata kwenye video za vichekesho kwenye simu yake yenye kioo kilichopasuka. Kiingereza chake kilinuka samaki, lakini kilikuwa hai, kinarukaruka.

Na kilikuwa na mtindo wake. Pale ambapo kitabu changu cha sarufi kinataka kukanusha mara moja, kaka alikanusha mara mbili, na akifurahi mara tatu. "I don't know nothing," husema, akimaanisha sijui kitu. Sijui yake na hakuna yake zimepakiana kama watu wawili kwenye baskeli moja. "I didn't see nobody." Siku moja mgeni alimuuliza kama maji ya pale yana papa, naye akamjibu: "There ain't no shark nowhere, my friend!" Mgeni akacheka, akavua shati, akaogelea. Kaka alitusimulia hayo jioni ile huku akila muhogo, na mama akacheka mpaka akashika ubavu, ingawa Kiingereza hakijui hata cha kuombea maji.

Mimi nilicheka pia. Nilikuwa bado sijafundishwa kwamba ni makosa.

Nilifundishwa mwaka uliofuata. Mwalimu wetu wa Kiingereza aliandika sentensi kama zile ubaoni, akazikata kwa mstari mrefu. Akasema ni kama hesabu: hasi mara hasi ni chanya, kwa hiyo anayesema hajui hakuna kitu amesema anajua kitu. Darasa zima likaguna kwa kupendezwa. Nikaandika, nikapigia mistari miwili kwa rula. Na nitasema kweli, nilifurahi kuliko wote. Maana nyumbani kwetu kaka ndiye aliyekuwa akisifiwa kwa Kizungu, majirani wakimwita aje awasomee maneno ya kwenye simu zao, na mimi wa karatasi nimekaa pembeni nachambua mchele. Siku ile niliondoka darasani na kitu mkononi ambacho yeye hana.

Ikaja siku ya wazazi. Mama aliamka na homa, akamwambia kaka aende badala yake. Alikoga kwa sabuni ya kunukia, akavaa kanzu na kofia, akaenda, hata ndevu kazichana. Alipofika mbele ya mwalimu angeweza kusema Kiswahili kama wazazi wote. Lakini alitaka kuniheshimisha. Akasema, kwa sauti yake ya mnadani, "Teacher, my sister don't give us no trouble. Me, I don't know nothing about books, but this one, she is our light."

Mimi sikusikia lile neno la mwisho. Nalisikia sasa. Siku ile nilisikia tu vicheko dirishani, ambako wenzangu walikuwa wamejazana, na mmoja akaiga, "Don't no nathing!" Mwalimu aliwakemea. Kaka akageuka akawacheka na wao, alidhani wamefurahi. Mimi niliinama nikajifanya natafuta kalamu chini ya meza, na kalamu ilikuwa mkononi.

Wiki nzima niliitwa Bi Nathing. "Bi Nathing, leo umekuja na nani?" "Bi Nathing, kakako hatuletei pweza?" Kwa mtu kama mimi, ambaye hata akiitwa kwa jina lake huona haya, ile ilikuwa kama kutembea na kengele shingoni.

Haukupita muda kaka akaja nyumbani anakimbia, baskeli akaiachia ikaanguka. Kule kaskazini, mbele ya Tumbe, kuna hoteli inafunguliwa. Wanatafuta mtu wa kupokea wageni na kuwatembeza vijijini na sokoni. Mtu wa hapahapa Pemba anayejua Kiingereza. Walikuwa wanasaili watu baada ya wiki tatu.

Nieleze kwa nini habari ile ilimtoa mama machozi. Mjomba wetu yuko Maskati miaka mingi, na alikwisha kumtafutia kaka kazi ya ghalani huko. Alikuwa akipiga simu kila Ijumaa: anakuja au haji? Mama alikuwa hataki kusema haji, kwa sababu samaki wa baskeli hawatoshi, na alikuwa hataki kusema anakuja, kwa sababu mumewe amelala kaburini na kaka ndiye mwanamme aliyebaki nyumba ile. Kaka mwenyewe alikuwa akisema, "Maskati nkafanye nini mie, pahala hapanyeshi hata mvua?" Sasa ikawa hivi: akiipata hoteli, anabaki. Akiikosa, anakwenda. Hakukuwa na njia ya tatu, na sote wanne tulijua.

Siku ile baada ya alaasiri tulikuwa barazani. Ulikuwa msimu wa karafuu, na sisi tuna mikarafuu michache ya baba. Kaka akisharudi Tumbe aliangua na mama, alaasiri sote tulichambua. Unashika shada, unalikandamiza kiganjani, karafuu zinadondoka huku na makonyo, vile vijiti vyake, yanabaki huku. Karafuu jamvini, makonyo pembeni kwenye ungo. Vidole vinageuka vyeusi na harufu hainawiki. Kaka alikuwa akijisemea Kiingereza cha usaili, akijiuliza na kujijibu, bibi akiitikia "Yes" kila baada ya muda kama anaitikia dua.

Ndipo mimi, nisiyesema, nikasema.

"Ukenda kusema vile kule, watakucheka."

"Nasemaje?"

"Unasema makosa. Kila siku unasema makosa. Hata siku ya wazazi walikucheka, hukujua tu."

Uso wake naukumbuka. Hakukasirika. Alinitazama kama mtu aliyeambiwa kanzu yake imechanika nyuma, na amekwisha kuzunguka nayo soko zima.

"Walikuwa wananicheka mie?"

"Ndiyo."

Akachambua mashada mawili, matatu. Kisha akanyanyua kichwa, akatabasamu. "Basi nifundishe, mwalimu. Wiki tatu nyingi hizo."

Nikatunga mchezo, na nilijiona hodari kwa kuutunga. Nikamwekea ungo wake peke yake mbele yake. Yeye aseme Kiingereza, mimi nisikilize, na kila akikanusha mara mbili nirushe konyo moja kwenye ungo. Mwisho wa kazi tuhesabu. Siku ya kwanza ungo ulijaa kichuguu kizima.

"Yakhe, unanizika!" akasema. "Bibi, njoo unisalie, najifia kwa makonyo."

"Kosa lake nini huyo ntoto?" bibi akauliza.

Nikamweleza kama nilivyoelezwa, hasi mara hasi, anayekataa mara mbili amekubali. Bibi akaacha kuchambua.

"Nani kasema hayo?"

"Mwalimu, bibi."

"Mie niliposwa na mchuuzi wa papa wa Kisiwa Panza kabla ya babu yenu. Nkasema sitaki, sitaki. Kwa hesabu ya mwalimu wenu basi nilikuwa nantaka?"

Mama akaangua kicheko. Kaka akajilaza kabisa jamvini. Bibi hakucheka, alitaka jibu. "Niambie, weye msomi. Nilisema mara mbili ili asikie. Na alisikia! Hakurudi tena hata kuomba maji."

"Kiingereza si Kiswahili, bibi," nikasema, na nikarusha konyo jengine kwa sababu kaka alikuwa amesema "I can't laugh no more."

Wiki ya kwanza ilikuwa ya kicheko. Wiki ya pili kicheko kikapungua, na makonyo pia. Mimi niliona makonyo tu. Kaka alianza kusimama katikati ya sentensi. Alikuwa akifika penye neno, anaacha, ananitazama mkono. Nikiinua mkono hata kujikuna, anajirudi: "Sorry. Anything. I don't know anything." Anasema polepole, kama anavuka mkondo kwa kukanyaga jiwe moja moja. Kule Tumbe, nimekuja kusikia baadaye, wageni walimuuliza kitu naye akawaonesha kwa kidole tu. Wenzake walidhani anaumwa jino.

Bibi ndiye aliyeona. "Mbona huyu kanyamaza?"

"Anafikiri, bibi."

"Anafikiri nini? Zamani alikuwa akisema bila kufikiri na watu wote wakifahamu."

Bibi hakusoma, nilijiambia, hajui. Niandike na hili, kwa sababu nimeahidi: kuna alaasiri moja kaka alisema kitu sahihi kabisa, na mimi nikarusha konyo. Sijui kwa nini. Labda kwa vile wenzangu walikuwa wameniita Bi Nathing asubuhi ile. Alilitazama lile konyo, akatafuta kosa lake, hakuliona, na hakuniuliza. Alisema tu, "Haya, mwalimu."

Siku ya mwisho kabla ya usaili ungo wake ulikuwa mtupu. Hamna hata konyo moja. Nilimpigia makofi, nikamwita mama aje aone. Mama akambusu kaka kwenye kipaji cha uso. Sikutambua kwamba ungo ulikuwa mtupu kwa sababu siku ile kaka hakusema kitu.

Alikwenda asubuhi na shati jeupe ambalo mama alilipiga pasi mara mbili. Alirudi kabla ya alaasiri. Tulikuwa barazani na karafuu zetu. Hakushuka kwenye baskeli kwa kuruka kama desturi yake, alishuka kama mzee. Akaja akakaa mahali pake, akashika shada la karafuu, akaanza kuchambua na shati lake jeupe.

"Utalitia madoa," mama akasema. Halafu akafahamu.

"Wamenchukua mwengine," kaka akasema.

Alitusimulia bila kunitazama. Walikuwa wawili. Meneja, kijana wa Kizungu aliyeiva kwa jua, na mwanamke wa Unguja mwenye kompyuta. Meneja akamwambia, tueleze soko la Tumbe, tufanye sisi ni wageni, ndiyo tumefika sasa hivi. Kaka! Soko la Tumbe! Kitu alichokuwa akikisimulia na tenga la samaki nyuma, huku anaendesha baskeli!

"Nkafungua mdomo," akasema, "nkauona nkono."

Bibi akauliza, "Nkono wa nani?"

Kaka akachukua shada jengine. Akasema kila neno lililokuja alilipindua kwanza kutazama kama lina konyo, na alipomaliza kulitazama meneja alikuwa amekwisha kuuliza jengine. Mwanamke wa Unguja akamsemesha kwa Kiswahili, kwa upole, "Kaka yangu, hapa tunataka mtu wa maneno. Wewe mpole mno." Mpole. Kaka yangu mimi. Aliyechukuliwa ni kijana aliyeingia nyuma yake, kaka alimsikia akiwa nje ya mlango, akichanganya Kiingereza chake ovyo ovyo na wale wawili wakicheka.

Kisha ndiyo akanitazama, na akacheka kidogo.

"Jambo moja, mdogo wangu. Nilipokuwa nasubiri, simu ya meneja ikalia. Akatoka nje anaropoka. Unajua kasemaje? 'I ain't got no time for nobody today.' Vilevile! Mzungu mwenyewe! Angekuwa hapa kwetu tungenzika kwa makonyo."

Mama akacheka ili kumsaidia. Bibi akasema, "Si nilisema?" lakini taratibu, bila ushindi. Mimi neno samahani lilinijaa mdomoni. Lilikuwa tayari kabisa, hata herufi zake naziona. Nikalimeza, kama majibu yangu yote ya darasani. Nikaendelea kuchambua. Doa la karafuu likatokea kwenye mkono wa shati lake, likaenea, na hakuna aliyelitaja tena.

Ijumaa ile mjomba alipopiga simu, kaka aliipokea mwenyewe.

Siku ya kuondoka gari ilikuja baada ya chai. Bibi alimsomea, akampulizia kichwani. Mama alimtilia achari ya embe na mkate wa kumimina kwenye begi, akautoa, akaufunga upya, akautia tena. Mimi nilikuwa nimeshika kamusi yangu ndogo ya Kiingereza, ndicho kitu cha thamani nilichonacho, niliipata kwa kushika nafasi ya kwanza. Nikampa. Nilitaka aichukue, na nilitaka zaidi aseme kitu kwa Kiingereza chake. Nilikuwa nimejiandaa kucheka. Nilikuwa nimejiandaa hata kulia mbele ya dereva.

Akaishika, akaipindua, akanirudishia.

"Keep it," akasema. "You are the student. I do not need anything."

Kila neno mahali pake. Hata mwalimu asingepata pa kutia kalamu nyekundu. Akanishika kichwa kidogo, juu ya mtandio, akaingia garini. Vumbi lilikuwa halijatua na mama amekwisha kuanza kufagia ua, ua uliokuwa umefagiwa tangu alfajiri.

Baada ya hapo nilianza kusikia vitu ambavyo zamani nilikuwa sivisikii. Nyimbo za Kiingereza kwenye simu za wenzangu, wale wale wa dirishani, zimejaa maneno ya kaka. Wanaziimba kwa sauti, sitaki hakuna, sijui hakuna, wamefumba macho kwa utamu. Hakuna anayewacheka. Nikasikia na mabingwa wa mpira wakihojiwa. Nikasikia filamu nzima, mtu amevaa suti na tai, anasema hajafanya hakuna, na polisi wanamwelewa. Kosa ni lilelile. Likitoka kwenye suti ni mtindo, likitoka kwenye tenga la samaki ni ujinga. Hili halimo kwenye kitabu changu, nimeliandika mwenyewe humu.

Siku moja darasani nikanyoosha mkono. Nimesoma skuli ile miaka mitatu na sijawahi. Mwalimu alidhani nataka ruhusa ya kutoka nje, akaniashiria mlango. Nikasimama, nikauliza kwa Kiswahili kwa sababu Kiingereza kilinikimbia: ikiwa kukanusha mara mbili ni makosa, mbona wenyewe wanasema?

Nyuma mtu akanong'ona, "Bi Nathing kafufuka."

Mwalimu hakucheka. Alikaa juu ya pembe ya meza. Akasema kwenye mtihani tuandike kama kitabu, hilo tusibishane. Lakini nje ya mtihani, akasema, watu wengi ambao Kiingereza ni lugha ya mama zao wanasema hivyo kila siku, majumbani, mitaani, nchi kadhaa. Wanakataa mara mbili ili kukataa kwao kusikike. Zamani hata waandishi wao waliandika hivyo. Baadaye wakatokea watu wa vitabu vya sarufi, wakaleta ile hesabu ya hasi na chanya.

"Sasa nani aliyewaruhusu hao wanaosema?" nikauliza. Sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwengine.

"Hakuna anayeruhusu. Mtu anasema, mwenzake anafahamu, watoto wanakulia humo humo. Wanaokataza wanakataza, wanazeeka. Lugha haingojei ruhusa." Akatazama ubao. "Mimi niliwapa ile hesabu kwa sababu ni nyepesi kukumbuka. Lakini maneno si namba."

Kengele ilipolia aliniita. "Kaka yako yule wa siku ya wazazi, yuko wapi siku hizi?"

"Maskati, mwalimu."

"Aaa." Akafuta ubao pale palipokuwa pamefutwa. "Mimi nimesoma chuo miaka mitatu, na siku ile nilimwonea wivu. Mtu anasema vile bila kuogopa! Mwambie namsalimu."

Nilikwenda nyuma ya madarasa, penye birika la maji, nikafungua bomba ili lilie pamoja na mimi.

Kaka hupiga simu, si kwamba hapigi. Anamuuliza mama homa, anamuuliza bibi magoti, ananiuliza mitihani. Ghalani anafanya kazi na watu wa mataifa mengi, na wote husemezana Kiingereza, kila mmoja na chake. Nilimuuliza, "Lazima wewe ndiye unayewachekesha?"

"Aa, mie sisemi sana. Nyaraka nyingi hapa, ukisema ovyo unakosea."

"Lakini zamani—"

"Zamani nilikuwa sijui, mdogo wangu."

Alisema bila ubaya. Angekuwa na ubaya ningelala vizuri.

Sasa karafuu zimezaa tena. Mwaka huu anaangua jirani, sisi watatu tunachambua. Ungo wa kaka bibi kautundika ukutani, hataki utumike. Juzi alaasiri nikaingia chumbani na simu ya mama, nikafunga mlango. Nikamrekodia kaka sauti. Nilifuta mara saba. Ya nane nikaiacha. Nilisema kwa Kiingereza, mimi nisiyekisema mbele ya mtu yeyote, na nilikisema kama yeye, kwa makusudi, kwa moyo wote:

"My brother, here we don't have nobody to laugh with. I don't want no correct English. I don't want nothing, only you come home."

Nikatuma kabla haya haijanishika. Nilidhani atacheka. Nilidhani atanijibu kwa ile sauti ya mnadani, na mimi nitamwambia ile samahani, ambayo nimeihifadhi mwaka mzima haijaoza.

Jibu lilikuja jana, tukiwa barazani. Nikaweka simu sikioni. Nyuma yake palikuwa na kelele za mashine, na mtu anaita majina ya mizigo. Kaka akasafisha koo. Akasema polepole, jiwe moja moja:

"Sema anybody, mdogo wangu. We don't have anybody. Na anything pia. Utafeli mtihani." Ikapita nafasi, mashine tupu. Halafu, "Tia makonyo matatu."

Nimeirudia mara nyingi sana nisikie kama anatania. Kuna mahali, kwenye neno makonyo, sauti inapanda kidogo, inaweza kuwa kicheko. Inaweza kuwa vumbi la ghala. Sauti ni yake. Maneno ni yangu mimi.

"Kasema nini?" bibi akauliza.

"Hajambo, bibi. Anakusalimu."

"Kasema anakuja?"

"Hajasema."

Bibi akarudi kwenye shada lake. Mimi nikainuka, nikautungua ule ungo ukutani, nikaupangusa vumbi kwa pindo la mtandio, nikauweka jamvini mahali anapokaa yeye. Nikachagua makonyo matatu, nikayatia moja moja. Bibi alinitazama, hakunikataza.